Usiicheke analojia, moyo wa Mama mdogo unaitegemea

  

Wiki hii nina stori ambayo niliianza kwa kucheka, nikaimaliza nikiwa nimenyamaza kimya. Inahusu neno ambalo vijana wa mjini tunalitumia kila siku kumkoga mtu: "Analojia."

Unalijua. Mzee anayebonyeza simu kwa kidole kimoja huku kaishika mbali na macho, analojia. Mama anayetaka kwanza ajue ukoo wa mchumba wa binti yake, analojia. Jamaa anayeandika barua ya mapenzi kwenye karatasi ya daftari, huyo sasa ndiye baba lao.

Neno hili lilitukolea mdomoni baada ya Desemba 31, 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam. Asiyekuwa na king'amuzi alibaki anatazama chenga. Tangu siku hiyo dijitali ikawa ujanja, analojia ikawa ushamba.

Mimi nilikuwa kinara wa utani huo, mpaka nilipomletea fundi mmoja wa redio pale Mwananyamala. Lakini kabla sijafika kwa fundi, ngoja nikupeleke Tandika.

"SHETANI" WA KITUONI

Mama mdogo wangu anakaa Tandika, wilaya ya Temeke. Anauza vitumbua na chai asubuhi, na mtaa mzima unamfahamu kwa kelele zake. Asubuhi moja alianguka kituo cha daladala, puu, kama gunia. Akazinduka baada ya muda mfupi, hajui kilichotokea. Wiki iliyofuata akaanguka tena, safari hii karibu na karai la mafuta ya moto.

Kasheshe ikaanza. Mmoja akasema ana shetani. Mwingine akasema kifafa. Wa tatu akasema kuna mtu mtaani hapendi biashara yake. Tukapoteza siku kadhaa kwa wataalamu wa ubani.

Aliyetuokoa ni jirani ambaye ni nesi. Alimshika mkono, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima.

"Mapigo 34," akasema. "Mtu mzima aliyetulia anatakiwa awe kati ya 60 na 100. Huyu hana shetani. Mpelekeni hospitali leo hii, siyo kesho."

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, mashine ikachora milima na mabonde, daktari akatueleza kwa lugha ya mtaani. Moyo una mtambo wake wa umeme sehemu ya juu. Kila pigo linaanzia pale, amri inashuka kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Kwa Mama mdogo mtambo ulikuwa mzima, ila laini ya kushuka chini ilikuwa imekatika. Vyumba vya chini vikawa vinapiga kivyao, polepole, kama jenereta la dharura.

Dawa yake ni kifaa ambacho wataalamu wanakiita pesimeka. Sisi huku tunakiita betri ya moyo. Kinafukiwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, waya wake unapita ndani ya mshipa hadi moyoni. Moyo ukichelewa, kinaustua kidogo. Moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza.

Wakamuwekea. Baada ya muda akarudi kwenye karai lake, na kelele zake zikarudi vilevile.

Miaka minane ikapita. Mwaka jana akatoka kliniki akaja moja kwa moja kwangu, hata kilemba kimekaa upande. Wamempima, betri inakaribia mwisho.

"Mwanangu, yaani natakiwa nichanwe tena?"

"Ndiyo, Mama mdogo. Nyaya zikiwa nzima zinabaki. Wanabadilisha kile kidude cha juu tu."

Akanyamaza, kisha akauliza swali lililonikosesha usingizi. "Hivi hao wanaotengeneza simu za kila namna kila mwaka, wameshindwa kutengeneza betri isiyoisha?"

FUNDI ANIPA DARASA

Siku mbili baadaye nikapeleka redio ya nyumbani kwa fundi. Banda lake limejaa maiti za redio, na yeye kainamia sakiti na chuma chake cha kuchomea risasi. Nikaropoka kama kawaida yangu: "Mzee, bado uko analojia tu?"

Hakuinua hata kichwa. "Marahaba."

Nikaona soo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa tunaweza kuongea. Hivi wewe moyo wako ni wa analojia au wa dijitali?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniwekea mbele redio ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha sauti, na pembeni yake swichi ya taa.

"Swichi ina maneno mawili tu, washa na zima. Hiyo ndiyo dijitali, kila kitu inakigeuza kuwa sifuri na moja. Kitufe hiki kina kidogo, kidogo zaidi, wastani, juu, juu kabisa, na vyote vya katikati. Hiyo ndiyo analojia. Sauti ya mkeo ni analojia. Joto la homa ni analojia. Umeme wa moyo unapanda na kushuka kama wimbi pale Coco Beach, haurukiruki kama swichi."

Nikamweleza habari ya Mama mdogo na swali lake. Fundi akaweka chuma chake chini.

"Betri isiyoisha hakuna," akasema. "Kazi ni kuula umeme kidogo kidogo. Nenda kasome, utaniambia."

Basi nikaenda kusoma, na ndugu yangu, niliyoyakuta huko ndiyo nakuletea leo.

HESABU YA BETRI

Tuanze na simu yako. Betri yake unaichaji kila siku, pengine mara mbili kama u mtu wa video. Betri ya pesimeka inabeba umeme ambao haufiki hata robo ya ule wa simu hiyo. Hata hivyo inatakiwa ikae miaka 8, 10 au zaidi, usiku na mchana, bila mgawo na bila LUKU.

Miaka 10 ni saa 87,600. Ukigawa kile kiumeme kwa saa zote hizo, kifaa kizima kinaruhusiwa kula makumi machache tu ya mikrowati. Mikrowati moja ni wati moja iliyogawanywa mara milioni. Hiyo ndiyo bajeti. Ukiongeza ulaji maradufu, betri inaisha nusu ya muda, na mgonjwa anarudi kuchanwa mapema.

Sasa umeona kwa nini hili si jambo la mafundi peke yao. Kwenye simu, ulaji mbaya wa umeme ni kero ya kutafuta chaja. Kifuani, ulaji mbaya ni kisu, kitanda, na ukoo kuchangishana.

Kisa cha kwanza kinatosha kukuonyesha. Oktoba 8, 1958, huko Sweden, mgonjwa aitwaye Arne Larsson alikuwa mtu wa kwanza duniani kufukiwa pesimeka mwilini. Daktari alikuwa Åke Senning, mtengenezaji alikuwa Rune Elmqvist. Kifaa kile kilidumu saa chache tu! Wakamuwekea kingine. Larsson aliendelea kubadilishiwa hadi akafikisha pesimeka 26, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Aliwazika wote wawili, aliyemuokoa na aliyetengeneza.

Huko Marekani naye Wilson Greatbatch alikuwa anatengeneza sakiti ya kurekodi sauti za moyo, miaka hiyo hiyo ya 1950. Akachukua resista isiyo yenyewe, akaichomea. Sakiti badala ya kurekodi ikaanza kupiga, ikinyamaza sekunde, ikipiga tena. Akatambua kuwa kile kilikuwa ni mdundo wa moyo. Mwaka 1960 pesimeka yake ikawekwa kwa binadamu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akashughulikia betri ya lithiamu iliyoondoa shida ya kuchana watu kila baada ya muda mfupi.

Nilipomsimulia fundi habari ya resista, alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nimekosea resista miaka 30," akasema, "nimepata moshi tu."

MASHINE INAYOFUNDISHWA

Sasa tufike kwenye akili mnemba, maana najua wengine mmeshaanza kujiuliza.

Pesimeka ya Mama mdogo ina ndugu yake mkubwa, kifaa cha kustua moyo kwa nguvu. Huyu anafukiwa kwa watu ambao moyo wao unaweza kuanza kwenda kasi ya hatari hadi ukashindwa kusukuma damu. Kifaa kikiona hivyo kinapiga shoti ya kuurudisha kwenye mstari. Waliowahi kuipata wanasema ni kama kupigwa teke la kifua.

Tatizo liko hapa. Moyo unaenda kasi kwa sababu nyingi. Umekimbilia mwendokasi pale Morocco, moyo unaenda kasi. Mchezaji wako kakosa penalti, moyo unaenda kasi. Na ugonjwa wa kuua nao moyo unaenda kasi. Kifaa kinachohesabu mwendo tu kinaweza kumpiga shoti mtu aliyekuwa anapanda ngazi zake kwa amani. Kibaya zaidi, kinaweza kunyamaza wakati wa hatari yenyewe. Kuna mapigo ya hatari ambayo kwa hesabu ya muda yanafanana kabisa na ya mtu anayekimbia. Tofauti iko kwenye umbo la wimbi tu.

Binadamu aliyezoea anatofautisha maumbo hayo kwa jicho, kama unavyomtambua mshikaji wako kwa mwendo hata kabla hujamuona sura. Mashine inaweza kufundishwa hivyo hivyo. Unaionyesha mifano mingi: hili pigo zuri, hili baya, hili zuri. Ikikosea unairekebisha, mpaka ikolee.

Akili mnemba unayoisikia kila kona, ukiivua mbwembwe zote, ni kuzidisha na kujumlisha, kuzidisha na kujumlisha, mara nyingi mno. Kompyuta ya dijitali inafanya hivyo kwa kuwasha na kuzima swichi zake bila kupumzika, na kila swichi inayogeuka inakula umeme. Ni kama kumtuma karani mwenye daftari akahesabu kila tone la maji. Kwenye bajeti ya makumi ya mikrowati, karani huyo humuwezi mshahara.

Analojia inapita mlango wa nyuma. Unganisha nyaya tatu zenye mkondo wa umeme mahali pamoja, mkondo unaotoka ndiyo jumla yake. Nani kajumlisha? Hakuna. Ni kama watu wa vichochoro vitatu vya Tandale wanapotokea barabara moja: umati wenyewe ndiyo jumla. Na kuzidisha? Ni koki. Ifungue nusu, maji yanapita nusu. Kuifundisha mashine ni kuzungusha koki hizo, hii kidogo, ile zaidi, mpaka jibu litoke sawa.

Si maneno ya kijiweni haya. Mwaka 1995 kikosi cha Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, akiwemo Marwan Jabri, kilitangaza chipu ya analojia iliyofanya kazi hiyo hiyo. Ilikuwa na ukubwa wa milimita 2.2 kwa 2.2, ndogo kuliko punje ya mchele kwa urefu. Vipande 10 vya wimbi la moyo viliingia, vikapita kwenye vituo 6 vya kati, vikatoka kwenye majibu 3, na jibu lenye nguvu kuliko mengine likashinda, kama ubishi wa kijiweni.

Wimbi lenyewe liliingizwa kwa mtindo wa kupokezana ndoo. Kila kituo kinampa mwenzake kiasi cha umeme alichoshika, kama sisi tunavyojipanga nyumba ya jirani ikishika moto na gari la zimamoto halijafika.

Ilikula kiasi gani? Chini ya nanowati 200. Yaani taa moja ya wati 5 ya chumbani kwako ingeweza kulisha chipu milioni 25 za namna hiyo. Katika bajeti ya pesimeka hata asilimia 1 haifiki. Na ilitambua mapigo ya hatari yaliyokuwa yanavishinda vifaa vya wakati ule, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90.

BOMBA LINALOVUJA

Mtu aliyefungua mlango huo ni profesa Carver Mead wa taasisi ya Caltech, California. Transista, kile kidude ambacho ndani ya simu yako kimo kwa mabilioni, ukiifunga haijifungi kabisa. Inavuja kidogo. Wenzake wa dijitali waliona hasara tupu.

Mead aliutazama uvujaji ule akaona kuwa unapanda na kushuka kwa kanuni inayofanana na ile ya seli za neva mwilini. Ni kama mama wa uswahilini akikuta bomba linadondosha: badala ya kulalamika, anatega ndoo, na asubuhi ana maji. Mwaka 1989 alitoa kitabu kilichowafundisha wengine kujenga sakiti zinazoishi kwa matone hayo. Ubongo wako wenyewe unakula kama wati 20 tu, chini ya balbu za zamani, na bado unakumbuka madeni ya watu wote.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Mmoja wa wanafunzi wa Mead ni Kwabena Boahen, kijana aliyekulia Accra, Ghana. Leo ni profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kutengeneza chipu zinazoiga ubongo.

Mwanafunzi mwingine ni Rahul Sarpeshkar, mzaliwa wa India. Yeye aligusa jambo ambalo sisi wa Dar tunalo mlangoni. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto viziwi kifaa cha kusikia ndani ya sikio, kazi ambayo kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India. Kifaa hicho kina sehemu ya nje yenye betri, na mzazi wa mtoto huyo atakuambia betri ni nini. Ikiisha katikati ya darasa, mtoto anarudi kwenye ukimya.

Mwaka 2005 Sarpeshkar na wenzake walionyesha sakiti ya analojia inayochambua sauti katika njia 16 kwa kutumia mikrowati 211 tu. Sakiti ya namna hiyo inafungua njia ya kifaa kinachofukiwa chote mwilini. Jambo jingine, kinachokula umeme kidogo kinatoa joto kidogo, na joto ndani ya nyama ya mtu si mchezo.

HATA ANALOJIA INA VISA

Sasa usitoke hapa ukaenda kutupa simu yako. Analojia ina visa vyake, na fundi alinitajia kabla sijavisoma. Inayumba kwa joto. Ina kelele zake za ndani. Transista mbili zilizotengenezwa siku moja hazilingani, kama mapacha.

Wale wa Sydney walilitatua kwa ujanja. Waliifundisha mashine huku chipu yenyewe ikiwa ndani ya darasa, na kilema chake. Ni sawa na kujifunza udereva kwenye daladala ile ile utakayoendesha, na klachi yake ngumu. Ukifuzu, umefuzu pamoja na ubovu wake. Halafu kifua cha binadamu hukaa karibu nyuzi 37 mwaka mzima, siyo kama Kariakoo mwezi wa pili.

Dijitali nayo haikulala. Chipu zake zimepungua ulaji, na vifaa vya kisasa vya kustua moyo tayari vinalinganisha umbo la pigo na umbo la kawaida la mgonjwa. Lakini mlangoni, pale umeme wa moyo unapopokelewa ukiwa milivolti chache tu, bado anayesimama ni analojia. Dijitali haiwezi kuhesabu ambacho hajaletewa.

Kuna na kisa kikubwa zaidi. Mashine inajua kile ilichofundishwa. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu wa hatari karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kile hata si akili mnemba, ni taa na hesabu tu. Je, mashine itakayofundishwa kutambua mapigo, imeonyeshwa mioyo ya nani? Ya Tandika imo?

Ndiyo maana nasema hizi si habari za kuachia wengine. Kijana wa Temeke anayejua kufungua redio, akipelekwa shule, ndiye anayeweza kukaa kwenye meza hiyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili tangu mwaka 2015, na betri za moyo zinawekwa hapo hapo. Huhitaji kupanda ndege kuona mioyo yetu.

SIKU YA MAMA MDOGO

Tulichangishana kwenye grupu la ukoo. Mwenye 50,000 alitoa, mwenye 5,000 alitoa, na wapo waliotuma alama ya mikono iliyokunjwa tu. Mungu anawaona. Kuna usiku mmoja nilikaa nahesabu nani bado, na nikaelewa kwa nini mtu aliyeko mbali anapunguza nanowati kana kwamba anaokota sarafu. Kila mwaka unaoongezwa kwenye betri ni mwaka ambao ukoo fulani haukai kikao cha namna ile.

Nikasoma pia kuwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina mradi wa kukusanya pesimeka za marehemu kwa ridhaa ya familia, kuzisafisha na kuzijaribu kwa wagonjwa wasio na uwezo, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi zilizoshiriki. Cha kwanza kupimwa ni betri imebaki kiasi gani. Nilipomwambia Mama mdogo, alishtuka. "Ya marehemu?" Akafikiri kidogo. "Mbona mitumba tunavaa?"

Siku ya siku nilikaa kwenye benchi la hospitali na shangazi zangu wawili. Hatukuongea. Saa moja na ushee baadaye akatolewa kwa kitanda, macho wazi, ana bandeji chini ya bega.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ile ya zamani mmeichukua?"

"Imebaki kwao."

"Na hii mpya, ni ya dijitali au ya analojia?"

"Vyote viwili. Ya kusikiliza ni analojia, ya kuamua ni dijitali."

"Basi kama sisi kwetu," akasema. "Mimi nasikiliza, nyie mnaamua." Shangazi mmoja akacheka, mwingine akaanza kulia.

Kabla sijafunga, msomaji, chukua haya. Mtu akizimia ghafla, mshike mkono hesabu mapigo yake, kisha kimbia hospitali kabla ya kutafuta mchawi. Mwenye betri ya moyo asikose kliniki hata kama anajisikia bomba, maana betri haizimi ghafla kama simu, inatoa taarifa miezi kadhaa kabla, ila taarifa hiyo inasomwa kliniki. Simu asiiweke mfuko wa kifuani, aiweke mbali na kifaa angalau sentimita 15. Na kadi yake ya kifaa atembee nayo.

Mimi fundi nilimrudia na kilo ya vitumbua kutoka Tandika. Safari hii nilianza na shikamoo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.